Tupeane uzoefu: Mwanafunzi ng'ambo, nyumbani kwa watu

Mtoto wa Kuze
Wenzangu, salaam aleykum. Binti ya dada yangu amepata nafasi ya YES, na mwezi wa nane anaondoka kwenda Marekani kusoma mwaka mmoja wa sekondari. Kwa asiyeujua, huu ni mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa 2002 kwa wanafunzi wa nchi zenye jamii kubwa za Waislamu, Kenya ikiwemo, na mtoto hukaa na familia ya huko. Familia hailipwi, inajitolea tu. Hilo ndilo linalomkosesha dada usingizi: mtu asiyelipwa atamlea mwanangu kwa lipi? Mliokaa nyumba za watu ng'ambo, tuelezeni. Mlianza lini kujiona wa nyumbani, na nini kilicholeta hilo?

Bint Majengo
Mimi nilipelekwa Minnesota kwa mpango huo huo. Baridi ataizoea. Kilichonielemea mimi ni ukimya. Majengo ukiamka unasikia adhana, jirani anaita watoto, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Kule Disemba jua linazama saa kumi na nusu, watu wakishakula kila mmoja chumbani kwake.

Sasa mimi nimelelewa kwamba mgeni hazururi nyumba ya watu. Hafungui friji, haingii jikoni mpaka aitwe. Basi nikitoka shule nakaa chumbani, nangoja kuitwa. Kumbe kwao heshima ni kumwacha mtu apumue, usimbughudhi. Wakawa hawaniiti. Wiki zikapita, mimi naona hawanitaki, wao wanaona siwapendi, na kila upande umo katika adabu zake.

Aliyetufungua ni mratibu wa mpango. Kanuni zinamtaka kila mwezi azungumze na mwanafunzi na azungumze na familia pia, na alipomsikiliza kila mtu peke yake akaona ni jambo moja tu. Kesho yake mama yule akanipa kisu na bakuli la viazi, bila maneno mengi. Tangu hapo jikoni nikawa na kazi yangu. Baba naye akanikabidhi koleo, theluji ya njia ya mbele naizoa mimi. Na siku aliponigombeza kwa kuacha viatu vilivyorowa mlangoni, vile vile anavyowagombeza wanawe, wallahi nililala raha. Mgeni hagombezwi.

Mwambie dada mtoto aishike namba ya mratibu mapema, asingoje moyo ujae ndipo aseme.

Kijana wa Likoni
Kwangu mimi jambo lilikuwa mbwa. Walikuwa naye mkubwa, analala ndani, na sisi wafuasi wa Imamu Shafi mate ya mbwa ni ya kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Niliwaeleza siku ile ile niliyofika, kabla sijafungua sanduku. Hawakuudhika hata chembe. Chumbani kwangu mbwa akakatazwa kuingia, na mswala wangu ukapata mahali pake juu ya kabati. Nguruwe haikuwa shida, walinitengea sufuria bila kuombwa. Kwenye peremende tu ndipo pa kuangalia, kuna jelatini, kile kigandishi cha ngozi na mifupa ya wanyama, hata nguruwe, na wengi wao hawajui imetokana na nini.

Wa Tudor
Mimi nilikuwa Hamburg, Ujerumani, kwa ule utaratibu wa kijana kukaa na familia, kuwaangalia watoto na kujifunza lugha. Familia ya kwanza haikuwa na wema. Sheria inasema kazi isizidi saa thelathini kwa wiki, na siku moja na nusu ni zako. Wao walinifanya wa kupika, kufua na kulea mchana kutwa, na siku ya mapumziko wanasafiri wananiachia watoto. Nilihama. Hakuna haya kuhama, wazazi waliambie hilo watoto wao waziwazi, maana vijana wetu wengi huvumilia wakiogopa kuonekana wamewaaibisha waliowatuma.

Familia ya pili ilikuwa mume na mke, na watoto wao wadogo wawili. Ramadhani ya 2016 iliingia Juni, na Hamburg mwezi huo jua linakawia mpaka karibu saa nne usiku. Saumu inapita saa kumi na nane. Yule mama, Mkristo wa kanisani, alikuwa akiweka saa ya kengele aamke kunipashia chakula cha daku. Nilimkataza, hakukubali. Hata leo nikimkumbuka namwombea dua.

Mama wa Kibokoni
Wanangu, mimi niko upande wa pili. Huwapokea wanafunzi wa kigeni wanaokuja Mombasa kujifunza Kiswahili. Naomba dada asidhani mwenyeji hana wasiwasi. Mtoto wa watu akila nusu ya hamri akaacha, mimi usiku silali, nasema labda mbaazi zimemkataa, labda mgonjwa, labda amekumbuka kwao. Msichana mmoja kila kitu "asante, nimeshiba". Nikamwita uani nikampa mbuzi akune nazi. Alikuna vibaya, mashallah, lakini tangu siku ile akawa anaingia jikoni mwenyewe, anauliza leo tunapika nini. Wahenga hawakukosea, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kama wenyeji hawampi jembe, na aliombe mwenyewe.

Mtoto wa Kuze
Bi mkubwa, ahsante sana, nimemsomea dada yote. Ameuliza jambo moja: mtoto achukue zawadi gani?

Bint Majengo
Leso za mama, na picha za kwenu zilizochapishwa, si za simu tu. Unga na nazi ya kopo atavipata huko, achukue iliki nzuri ya kupikia mahamri. Iliki isiwe na udongo wala mbegu za kupanda, na aitaje kwa watu wa forodha akifika, maana chakula chochote lazima kitajwe hata kiwe kidogo. Na umfundishe kukanda kabla hajaondoka, ana miezi bado.