Tupeane uzoefu: Kutambua na kuokoa kipuri cha gari la zamani kabla hakijaenda skrepa

Mleta mada (Mbeya)

Wanajamvi, salaam. Huku Nyanda za Juu Kusini bado zipo Land Rover nyingi za zamani zilizolala nyuma ya gereji na kwenye mashamba ya chai, na wanunuzi wa chuma chakavu wanazimaliza. Naomba kila aliyewahi kuokoa kipuri atueleze alikitambuaje na alikitoaje kikiwa kizima.

Nilikuwa natafuta kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ya injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Katika yadi moja upande wa Mbalizi nilionyeshwa mabaki ambayo mwenyewe aliyaita Series III (toleo la Land Rover lililofuata Series IIA), kwa sababu yalikuwa na grili ya plastiki. Grili hushikwa na skrubu chache tu, kwa hiyo sikuitegemea. Nilipangusa tope kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), kwa kuwa watengenezaji wake, Lucas, walikuwa wakigonga ubavuni namba ya kipuri pamoja na juma na mwaka wa kutengenezwa, nikakuta mwaka 66, ilhali Series III ilianza kuuzwa mwaka 1971. Tangu hapo nilikikagua kila kipuri peke yake, bila kujali jina la gari.

Kabureta yenyewe ilikuwa Zenith 36 IV, na jina lilisomeka wazi kwenye bodi. Kabla ya kulipa niliomba kufungua kifuniko, nikakisimamishia rula ya chuma kwa ubavu: mwanga ulipenya katikati, dalili kwamba kimepinda, na huo ndio ugonjwa mkubwa wa kabureta hizi. Hata hivyo niliichukua, kwa sababu kifuniko kilichopinda kidogo hunyooshwa kwa kukisugua taratibu juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo. Nilibadilisha pia pete ndogo ya mpira iliyomo ndani, ambayo ikifa injini hunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi na mchanganyiko tayari umezidi petroli, kwa hiyo kasoro hiyo huonekana mapema.

Mchangiaji wa Tukuyu

Shikamoo mkuu. Kwetu Rungwe adui ni mvua. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini na chesisi ni ya chuma, na pale vinapokutana kwenye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe, huku boliti zikigandamana. Vijana wengi huharibu nati kwa spana za milimita. Nati nyingi za magari haya ni za inchi: ile ya 9/16 ni milimita 14.29, kwa hiyo spana ya 14 haiingii na ya 15 inakula pembe. Mimi hulowesha nati kwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, kisha huipasha moto nati peke yake, naikaza kidogo kwanza ndipo naanza kuilegeza.

Mchangiaji wa Iringa

Mimi niliokoa gia boksi hapa Ipogolo. Muuzaji aliapa kwamba ni ya Series III, ambayo gia zote nne za mbele zina sinkro (pete zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza), tofauti na Series IIA yenye sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Sikuhitaji kuifungua. Kwenye Series III silinda ndogo ya klachi hufungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi, lakini kwenye IIA hukaa kwenye mkono wake wa chuma na kusukuma shafti ya pembeni. Ile ilikuwa ya IIA, na niliinunua kwa bei ya IIA.

Mchangiaji wa Mafinga

Gasketi kuukuu msizitupe, hata zikiwa zimechanika, kwani ndizo fremu ya kukatia mpya. Swali langu kwa mleta mada: je, mwenye yadi alikuandikia chochote?

Mleta mada (Mbeya)

Marahaba, Tukuyu. Ndugu wa Mafinga, ndiyo, aliniandikia hati ya mauziano inayotaja kipuri, namba iliyogongwa juu yake na namba ya chesisi, ambayo kwenye magari haya huwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Futeni kutu hapo kwa brashi ya waya, taratibu, maana tarakimu si za kina. Sasa natafuta dainamo, yaani jenereta ya kuchaji betri, aina ya Lucas C40. Mwenye taarifa ya mahali ilipo anijulishe hapa.