Wanataka niwe bosi wa karatasi ili tupate mkopo wa wanawake. Nisaini?

BintiArua: Salaam wakubwa kwa wadogo. Mimi ni wa Arua, sasa niko Kampala, upande wa Ntinda. Mwaka jana niliandika mfumo wa vikundi vya akiba: mwanachama anaweka hela kwa mobile money, kitabu kinajijaza chenyewe, na hata mwenye kitochi anapata ujumbe wa salio. Niliuandika peke yangu, usiku, nikitoka kazini. Binamu yangu na rafiki yake ndio wanaozunguka kutafuta vikundi, na kwa haki niseme, kuzunguka wanajua. Tuna vikundi 14, vingi vya akina mama wa sokoni.

Sasa tunasajili kampuni URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Mwanzoni mpango ulikuwa wao asilimia 45 kila mmoja, mimi 10, kwa sababu eti "wewe ni fundi". Nilinung'unika, nikanyamaza. Wiki iliyopita wamegeuka kama kinyonga: nichukue 60, niitwe mkurugenzi mtendaji, picha yangu ikae mbele. Kumbe wamesikia mkopo wa GROW ni wa biashara za wanawake, riba asilimia 10 kwa mwaka, wakati kwingine wanakutajia 18 na kupanda. Ila nisaini pia fomu ya kuhamisha hisa, isiyo na tarehe, binamu aitunze yeye. "Ni mambo ya nyumbani tu," anasema. Mama amefurahi, binti yake bosi. Nisaini?

MzeeWaBusia: Binti yangu, nafanya klaringi mpakani, nimesaini makaratasi mpaka kidole kimeota sugu. Fomu bila tarehe usiiguse hata kwa kijiti.

Kijana_Jinja: Mnamtisha bure. Wanawake wakinyimwa nafasi mnalia, wakipewa mnasema mtego. Allen Kagina aliongoza URA, mamlaka ya kodi, miaka 10, Sylvia Mulinge alikabidhiwa kampuni ya simu ya MTN Uganda 2022. Dada, kalia kiti kwanza, mengine yatajipanga.

MamaDuka: Kagina alipokaa kwenye kiti kile saini yake ilifanya kazi. Huyu anapewa kiti ambacho binamu ameshika mguu mmoja. Mimi nilisaini, mwaka 2019, duka la simu na shemeji yangu. Jina langu, biashara yake. Mambo yalipoharibika benki ilimpigia nani? Mimi. Yeye alikuwa ameshabadilisha namba. Nimemaliza kulipa juzi juzi, na bado tunakutana kwenye misiba, tunasalimiana.

Wakili_Mtaani: Huu si ushauri rasmi, karatasi zako zipeleke kwa wakili wako. Lakini kwa Sheria ya Makampuni ya 2012, azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura, na hilo linatosha kumwondoa mkurugenzi. Mambo mazito, kama kubadilisha katiba ya kampuni, yanataka robo tatu. Kwa hiyo 60 ya kweli ni nguvu. 60 yenye fomu mfukoni mwa mtu ni yako mpaka siku atakapoandika tarehe. Halafu deni: inayokopa ni kampuni, ila mabenki hupenda wakurugenzi wenyewe waudhamini mkopo. Hisa zikirudi kwa binamu, dhamana yenye jina lako haihami nazo.

Na swali ambalo hujaulizwa: ulikuwa umeajiriwa ulipouandika mfumo. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 humpa mwajiri kazi uliyoifanya ndani ya ajira, isipokuwa mkataba useme vingine. Ulitumia kompyuta ya ofisi?

BintiArua: Kompyuta ni yangu, niliinunua zamu yangu ya kikundi ilipofika. Kazini nafanya mambo ya mishahara, hayahusiani na huu mfumo. Lakini mkataba sijawahi kuusoma wote. Leo nausoma.

Wakili_Mtaani: Usome. Ukiwa huru, ile Sheria ya Makampuni inaruhusu kampuni ya mwanahisa mmoja. Unaweza kuumiliki mfumo kupitia yako, kisha kampuni ya watatu iutumie kwa mkataba na kulipa.

MamaDuka: Kwani mkopo wenyewe ni wa nini? Vikundi 14 si vinalipa ada?

BintiArua: Vinalipa. Binamu anataka gari.

MamaDuka: Haya.

MzeeWaBusia: Niulize kizee. Hela za akina mama zinapita kwenye laini ya nani?

BintiArua: Ya binamu. Nywila za seva ninazo mimi, laini ni yake.

MzeeWaBusia: Basi kampuni iko kwenye hiyo laini, binti. URSB mtakwenda kuandika tu.

Kijana_Jinja: Hilo la laini sikulijua. Hapo nami nimenyamaza.

BintiArua: Nimerudi, siku 5 baadaye. Mkataba wa kazi haunifungi. Nilimwambia binamu 60 nitachukua, fomu siisaini, na hela za vikundi ziingie kwenye akaunti ya kampuni yenye saini mbili, moja yangu. Amesema nimeota mapembe tangu nije Kampala. Mama hapokei simu. Rafiki wa binamu, ambaye sikumtegemea kabisa, amesema akaunti ni sawa.

MamaDuka: Mama atapokea. Na vikundi vinasemaje?

BintiArua: Vitatu vimekubali kuhamia akaunti mpya. Vile 11 vinamjua binamu tu, sura yangu hawajawahi kuiona. Kesho naanza na Kalerwe, asubuhi kabla soko halijachangamka, nimeomba ruhusa kazini.

MzeeWaBusia: Vaa viatu vya chini. Kule kuna matope.