Madarasa mapya yanazinduliwa kila siku, ya zamani yanasubiri kuangukia watoto. Matengenezo ya shule za msingi ni kazi ya nani?

Wakuu salamu. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikikosa staha mahali. Uzi huu unahusu majengo ya shule za msingi za serikali, hasa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Jina la shule na la halmashauri siweki. Mwalimu mkuu hana kosa, na najua kibano kitaanzia kwake.

Mwanangu yuko darasa la nne. Chumba chao kina ufa unaoanzia kona ya dirisha, unapanda mpaka kwenye lenta na kutokezea nje. Rula inapita. Watoto wameugeuza pipa la taka, wanasokota karatasi na maganda ya karanga wanasukumia humo. Mwalimu wa darasa kaniambia mvua kubwa ikianza anawahamishia wote upande wa pili wa chumba, wanabanana wanne wanne kwenye dawati, maana upande wenye ufa hauamini. Hiyo ndiyo tathmini ya usalama wa jengo la umma jamani. Mwalimu wa hisabati anakadiria kwa macho kama ukuta utasimama mpaka kengele ilie.

Na ufa ule haukuletwa na shetani. Jengo ni la enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), miaka ya 2000 mwanzoni, wazazi wetu walisomba mawe na mchanga kwa vichwa vyao. Halijawahi kuwa na gata. Maji yote ya paa yanaanguka mstari mmoja chini ya ukuta, vuli na masika, mpaka yamechimba mfereji na mawe ya msingi yako wazi, unayahesabu. Udongo wenyewe ni ule mweusi wa mbuga. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Maana yake msingi unapandishwa na kushushwa kila mwaka, na tofali za kuchoma haziwezi kucheza ngoma hiyo, zinaachia. Fundi yeyote wa mtaani atakupa dawa: funga gata, peleka maji kwenye tenki, rudishia kifusi kwenye msingi, mwaga zege jembamba kuzunguka jengo ili maji yakimbilie mbali. Kazi yenyewe haichukui hata mwezi. Na hayo maji ya tenki ndiyo watoto wangenawia mikono wakitoka chooni, kwa sababu bomba la shule ni pambo.

Kwa nini haifanyiki? Tupige hesabu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 ilipangwa ibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo ishuke shuleni. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Hapo toa chaki, toa karatasi za mitihani, toa nauli za mwalimu mkuu kwenda vikao vya wilayani, toa mlinzi. Kitakachobaki hicho ndicho "ukarabati". Kinanunua vitasa viwili na kopo la rangi ya ubao. Bei ya mfuko wa saruji imebadilika mara ngapi tangu mwaka huo? Mnajua wenyewe.

Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Sibishi, michango ilikuwa kero na watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Lakini kilichofuata ni kwamba mwalimu mkuu leo akiwaambia wazazi wachange elfu mbili mbili wafunge gata, anatetemeka kama anaomba rushwa. Aandike barua, ipite kwa mtendaji, ipande wilayani, kibali kitoke. Kikitoka mvua zimeshapita na watu wako mashambani.

Pesa za kujenga lakini zipo! Hapa ndipo ninapopandwa na presha. Mwaka 2021, kwenye ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila chumba. Baadaye ukaja mradi wa BOOST, wa kuboresha shule za msingi. Mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo, kuna watoto walikuwa wanasomea chini ya miembe. Shuleni kwetu pia tulipata vyumba viwili, bati jekundu, vigae chini, jiwe la msingi lina jina la mheshimiwa. Mita thelathini kutoka hapo ndipo lilipo jengo lenye ufa. Siku ya uzinduzi msafara ulipita mbele yake, na waliegesha magari kivulini kwake. Hakuna aliyeuliza. Na hivyo vyumba vipya navyo havina gata, kwa hiyo tukutane hapa baada ya miaka kumi.

Huwezi kununua gari la milioni 20 halafu ukaambiwa bajeti ya oili haipo. Tena msiniletee methali ya ufa na ukuta, wote tunaijua na bado tuko hapa. Tatizo ni kwamba ukarabati hauna utepe. Hakuna diwani aliyepigwa picha akizindua misumari.

Twende chooni, wenye roho nyepesi mruke aya hii. Mwongozo wa serikali yenyewe unasema tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Sisi tukifikia nusu ya hapo tutafanya sherehe. Lakini hata uwiano siyo kilio changu kikubwa, kilio ni hali ya hayo yaliyopo. Sakafu ya choo cha wasichana zege limelika mpaka nondo zimetokeza, zina kutu, na ukikanyaga karibu na tundu inaitika. Shimo halijanyonywa tangu lichimbwe. Milango mitatu haina bawaba, imeegeshwa tu. Wasichana wanakwenda wawili wawili, mmoja anashikilia mlango kwa mgongo. Wale wakubwa wa darasa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao hawaji kabisa. Kisha tunakaa kikao cha tathmini kujadili "utoro". Bawaba ni shilingi ngapi, wakuu? Bawaba!

Juu nako kuna mchwa. Mbao za kenchi hazikupigwa dawa, ukigonga papi kwa fimbo unga unamwagika. Popo wamejaa juu ya silingibodi, mkojo wao umechora ramani nzima ya Afrika, asubuhi harufu inakukaba kooni. Siku upepo utakapoezua paa, mtaona kasi ya serikali: kamati ya maafa itafika, mkuu wa wilaya atafika, bati na mbao zitapatikana ndani ya wiki. Kwa nini bati za msiba zipo ila dawa ya mchwa haipo?

Na madawati. Mnakumbuka ile kampeni ya 2016, kila taasisi inapigana picha na madawati? Pitia nyuma ya madarasa uone mizoga. Lingine limeng'oka ubao mmoja tu, lingine linataka kuchomelewa mguu. Yamerundikwa huko, nyoka wanazalia, watoto wa darasa la pili wanakaa sakafuni kwenye mashimo na vumbi, wanakohoa msimu mzima wa kiangazi.

Nimeuliza. Mwenyekiti wa kamati ya shule anasema kaandika barua. Afisa elimu kata anasema taarifa ameipandisha. Ofisi ya mhandisi wa halmashauri wanasema hawana mafuta ya kuja kukagua (kwenye uzinduzi mafuta yalikuwepo). Idara ya elimu wanasema suala la majengo ni la mhandisi. Wathibiti ubora walikuja, wakaangalia andalio la somo na mahudhurio, wakaondoka. Hakuna aliyekataa kwamba jengo ni hatari. Kila mtu anakubali kwa sauti ya upole kabisa, ndiyo inayoniudhi zaidi.

Shule binafsi ingekuwa na choo kile isingepata usajili, na mmiliki angeitwa kwenye vyombo vya habari. Ya serikali inaendelea kupokea watoto kila Januari.

Kuna wa kusema "mkuu unakuza mambo". Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, Bukombe, huko Geita, wakiwa darasani. Radi ni kazi ya Mungu, sawa. Lakini Kanda ya Ziwa radi siyo mgeni, tunazikana kila msimu. Shule yetu ina kinga ya radi? Haina. Za jirani? Nimezunguka kata nzima nikitazama mapaa, sijaona. Baada ya Businda nilidhani utapita ukaguzi wa kila shule. Huku kwetu hakuja mtu.

Ninachotaka siyo kikubwa. Halmashauri itenge fungu la matengenezo la majengo yaliyopo, lenye kifungu chake, lisichanganywe na ujenzi mpya. Mhandisi apite kila shule mara moja kwa mwaka kabla ya mvua, aandike chumba gani kinafaa na kipi kifungwe, orodha ibandikwe mlangoni kwa mtendaji ili kila mzazi aisome. Na mwalimu mkuu apewe ruhusa ya kutengeneza kitu cha laki mbili bila kuzunguka ofisi tano.

Jumatatu tunakwenda wazazi kadhaa kwa mkurugenzi na picha za ufa, za choo na za msingi. Mwenye nakala ya mwongozo wa maji na usafi wa mazingira shuleni, ule wenye uwiano wa matundu, aniwekee hapa chini. Na kama kuna halmashauri yenye fungu la matengenezo linalotoka kweli, siyo la kwenye makaratasi, itajeni, tujue walipitia mlango gani.