Ndoo ya kwanza ya bia ya nyumbani: siku ya saba, tujaze chupa au tungoje?

Kikundi: Ukoo wa Marangu

JUMAPILI

Eli (Tabata): Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Ndoo imetimiza siku 7 leo. Kile kidude cha maji kwenye mfuniko, kinachotoa viputo vya gesi, kimenyamaza tangu juzi. Karatasi ya pakiti inasema siku 7 halafu chupa. Nijaze kesho?

Mjomba (Arusha): Marahaba. Usijaze. Kidude kunyamaza si ushahidi, gesi inaweza kuwa inapitia ukingoni mwa mfuniko. Tupe namba: ulianza ngapi, leo ngapi, na joto la ndoo yenyewe, si la chumba.

Eli: Lita 19, kimea cha unga kilo 2.5, chachu kavu ya bia aina ya "ale" pakiti moja ya gramu 11.5. Haidromita (kile kipimo kinachoelea, sukari ikiliwa namba inashuka) ilianza 1.048. Leo 1.018. Kibandiko cha joto ubavuni mwa ndoo kinasoma 17. Ndoo iko ndani ya beseni la maji, chupa nne za barafu nabadilisha asubuhi na jioni.

Mjomba: Hapo sasa. Barafu hiyo ilifaa siku tatu za mwanzo. Chachu ikiwa inakula kwa kasi inatoa joto lake yenyewe, ndoo inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Kazi ikipungua joto linapungua, lakini barafu wewe umeacha ni ileile. Ndoo imeshuka hadi 17, chachu imeona baridi, imetua chini ikalala na sukari bado ipo.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kwani si hata mbege, pombe yetu ya ndizi ya nyumbani, siku hazizidi? Maji ya ndizi yakishachachuka, mso (uji) wa ulezi ukichanganywa leo, kesho inanyweka.

Mjomba: Ndiyo dada, ila mbege inanyweka ikiwa bado inafanya kazi, na imo kwenye pipa lililofunikwa tu. Gesi inajiendea. Hii anaifungia kwenye chupa kwa kizibo cha bati.

Shangazi: Aaa. Basi inapasuka.

Dada Aika: Inapasuka, na hesabu yake hii hapa. Kila pointi moja ya haidromita (0.001) itakayochachuka ndani ya chupa inaongeza gesi karibu nusu ya ujazo wa bia. Bia ya kawaida ina gesi kama ujazo 2.4. Chachu hii huacha karibu robo ya sukari au chini kidogo, kwa hiyo mwisho wake utakuwa 1.010 hadi 1.013. Ukijaza kwenye 1.018 na ikaendelea hadi 1.012, ni pointi 6, yaani ujazo 3 wa ziada JUU ya ule wa sukari ya chupa, ile kidogo inayoongezwa wakati wa kujaza ili bia ipate gesi. Jumla inapita 5. Chupa ya bia ya kawaida haikutengenezwa kwa hayo.

Baba Joshi: 💥💥 Eli usiweke chini ya kitanda

Dada Aika: Eli, kabla ya yote hakiki haidromita. Maji safi yanatakiwa kusoma 1.000, lakini kwa nyuzi 20 kama karatasi yake inavyosema. Maji ya bomba ya Dar kwenye nyuzi 29 yatakudanganya pointi 2 kushuka. Yapoze kwenye friji kwanza. Na sampuli ya bia ipitishe glasi hadi glasi mara sita hivi gesi itoke, kisha kizungushe kipimo kidogo kwa vidole. Viputo vikikishikilia kinapanda, kinasoma juu.

Eli: Nimefanya. Maji nyuzi 20 yanasoma 1.002. Bia baada ya kutoa gesi, bado 1.018.

Dada Aika: Basi kipimo chako kinazidisha 2. Ulianza 1.046, sasa uko 1.016. Kwa kilevi haidhuru, maana unatoa namba moja kwenye nyingine na kosa linajifuta. Ila matarajio ya mwisho nayo yahesabu na kosa hilo, kwa kipimo chako tafuta 1.012 au 1.013.

Mjomba: Toa barafu zote leo. Acha maji ya beseni yapande yenyewe hadi ndoo isome 22 au 23, isizidi 24. Ikifika 20 ishike ndoo kwa masikio yake uizungushe taratibu kama unayesukasuka mtindi kwenye kibuyu, mashapo yanyanyuke. Mfuniko usiguse. Hewa ikiingia saa hizi bia itaonja karatasi baada ya mwezi.

Baba Joshi: Si ahamishie ndoo ya pili apate bia safi?

Mjomba: Asihamishe. Ataiacha chachu nyuma na kuingiza hewa, faida hakuna. Kukaa juu ya mashapo wiki tatu au nne kwenye ndoo ya ukubwa huu hakuharibu kitu.

Eli: Nikipima kila siku je?

Dada Aika: Kila kipimo kinakula bia robo lita na kufungua mlango wa vijidudu. Pima Jumatano, halafu Jumamosi. Namba zikilingana kabisa, imekwisha. Zikitofautiana hata pointi moja, siku 3 tena. Sampuli uionje, usiirudishe kwenye ndoo.

JUMATANO

Eli: Ndoo 22. Kipimo 1.013. Kidude kilianza tena kupiga Jumatatu usiku. Ina harufu kama ya bisi za siagi.

Dada Aika: Hiyo siagi inatoka kwenye chachu na chachu yenyewe inaila ikiachwa kwenye joto. Ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia chupa. Jumamosi jaza glasi mbili nusu nusu, zifunike. Moja iweke kwenye maji moto nyuzi 60 dakika 20, kisha ipoze, unuse zote mbili. Iliyopashwa ikinuka siagi, ongeza siku.

JUMAMOSI

Eli: 1.012. Glasi ya moto siagi kwa mbali, ya baridi hakuna.

Mjomba: Imeshuka pointi moja na siagi ipo. Jumanne.

JUMANNE

Eli: 1.012 tena. Glasi zote mbili hazina kitu. Siku ya 16.

Dada Aika: Jaza. Kilevi ni 48 kutoa 12, mara 0.131, karibu asilimia 4.7. Kwa lita 18 zitakazobaki juu ya mashapo, sukari ya mezani gramu 110. Uipime kwa mizani, vijiko vinadanganya. Ichemshe na vikombe viwili vya maji dakika 5, imimine kwanza kwenye ndoo safi, kisha bia ishuke juu yake kwa mpira, ncha ikae chini isirushe povu.

Mjomba: Na chupa moja ya plastiki ya soda uijaze pamoja na za kioo. Uikamue itoke hewa, funga. Ikiwa ngumu kama mpya ya dukani, za kioo nazo tayari. Kwa joto la Tabata ni siku 10 hadi 14.

Shangazi: Ikiwa ngumu kabla ya siku ya nne?

Mjomba: Zote kwenye friji saa hiyohiyo, na azibebe amevaa glavu.

Baba Joshi: Na miwani 😂

Dada Aika: Si utani. Miwani pia.