Wauza vijisanamu vya zamani, acheni kutuuzia madini ya risasi yaliyooza chini ya rangi nene!

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekasirika na sitaficha. Nimetoka kuosha mzigo wa magoblini, vijisanamu vya chuma vya viumbe wa hadithi, ya Citadel (watengenezaji wa vijisanamu vya mchezo wa mezani wa Warhammer) ya miaka ya 1980, niliyoyanunua kwenye mnada wa mtandaoni hapa Uingereza kwa niaba ya jamaa yangu wa Nairobi. Tangazo lilisema vimekarabatiwa na kupakwa rangi na mtu mwenye ujuzi, na bei ikapandishwa kwa sababu hiyo hiyo. Picha zote zilipigwa kwa mbele, chini ya taa kali. Ya mgongoni hakuna. Ya chini ya kitako hakuna. Nikaomba nyingine, nikajibiwa kwamba zilizopo zinatosha na watu wengine wanasubiri. Jamaa yangu alikuwa anayataka sana, nikalipa.

Chini ya ile rangi kulikuwa na risasi inayooza.

Nichukue kimoja tu, kile cha mkuki na ngao. Wanaoijua kazi ya mchongaji Kev Adams wanajua thamani ya goblini wa namna hii iko wapi: iko usoni. Pua ndefu iliyopinda, meno yaliyokaa ovyo, jicho moja limefumbwa kidogo kana kwamba anapanga kukuibia. Uso mzima hauzidi ukubwa wa punje ya njegere, lakini umechongwa hadi mikunjo ya shavu. Sasa huyu mtu kapuliza praima nyeusi ya kopo mpaka mdomo umejaa, meno yamegeuka ukuta mmoja, jicho limezibika. Juu yake kapaka kijani bila kuchanganya na maji, mistari ya brashi unaihisi kwa kucha. Halafu juu ya hiyo kijani kamwaga vanishi ya kung'aa ili kwenye picha ionekane mpya.

Nilipoanza kuitoa rangi, kwapani na nyuma ya ngao ikatoka unga mweupe uliolowa, kama chokaa. Mkuki si wa asili, ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa na kubandikwa kwa gundi ya moto, donge limeufunika mkono wote. Kilichonimaliza kabisa ni chini. Vijisanamu vya Citadel vya kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vina kibamba kinachoingia kwenye mpenyo wa kitako cha plastiki, na kwenye kibamba hicho ndipo palipo na maandishi: jina la Citadel, mara nyingi na mwaka, wakati mwingine hata jina la huyo goblini mwenyewe. Kile ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Huyu bwana kakipiga tupa kikaisha, kisha kabandika kijisanamu juu ya kipande cha kadibodi.

Kadibodi! Chini ya risasi!

Kwa ambao ndio mnaingia kwenye mambo haya, niwaeleze kwa nini hapo nilipiga kelele mpaka jirani akasikia. Vijisanamu vingi vya chuma vilivyotoka kabla ya watengenezaji kuhamia chuma kisicho na risasi miaka ya 1990, viwe vya Citadel, vya Ral Partha au vya Grenadier kule Marekani, vilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi nyingi. Risasi ina adui wake, nao ni mvuke wa asidi, hasa ile iliyomo kwenye siki. Mvuke huo unatoka kwenye mbao, mwaloni ukiwa mbaya kuliko zote, unatoka kwenye mbao za kubanwa zinazotengenezewa makabati ya bei rahisi, na unatoka kwenye kadibodi. Asidi inaila risasi, kisha kaboni dioksaidi iliyomo hewani inageuza kilicholiwa kuwa kaboneti ya risasi, ndio huo unga mweupe. Ubaya wake ni kwamba hapo asidi inaachiwa huru tena, inakwenda kula sehemu nyingine. Unyevu ukiwepo, kazi inakwenda kasi zaidi. Watu wa makumbusho wanalijua tatizo hili siku nyingi, ndiyo maana hawaweki vitu vya risasi kwenye kabati la mwaloni.

Kwa hiyo ukikuta unga huo kisha ukapuliza rangi juu yake bila kuusafisha, hujakarabati kitu. Umeufungia ndani uendelee kula mahali ambapo mnunuzi hauoni. Rangi itakaa mwezi, itakaa mwaka, siku moja itavimba na kubanduka pamoja na pua, vidole na kila kitu.

Halafu kuna afya za watu, na hapa sitaki mtu aniletee maneno ya kupooza. Unga wa risasi ni sumu. Ukiuvuta kwa pumzi au ukala nao chakula kwa mikono michafu, unaingia mwilini, na kwa watoto wadogo madhara yake kwenye ubongo hayana mjadala. Jamaa yangu wa Nairobi ana watoto wawili wanaopenda kukaa naye mezani akipaka rangi. Mzigo ule ungefika, angechukua msasa mkavu alainishe yale madonge ya gundi, vumbi lingetua kwenye vikombe vya chai. Muuzaji alijua. Huwezi kupuliza rangi juu ya unga mweupe usiuone, praima haishiki juu ya unga, lazima aliusugua kidogo ndipo rangi ikakaa.

Nilimwandikia kwa adabu, nikamwekea picha. Jibu lake: picha za tangazo zilionyesha hali halisi, na yeye ni mtu binafsi anayepunguza vitu nyumbani, hapokei mzigo uliorudishwa. Mtu binafsi! Ukurasa wake una mamia ya vijisanamu, kila wiki anaongeza, vyote na praima ile ile nyeusi na vanishi ile ile. Anajua anachokifanya. Hapa Uingereza ukinunua kwa mfanyabiashara kupitia mtandao una siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea mzigo. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo. Ndiyo maana wanajificha humo. Lakini hata mtu binafsi haruhusiwi kukuuzia kitu tofauti na alichokieleza, na "kimekarabatiwa" ni maelezo. Kwa hoja hiyo nimefungua malalamiko kwa wenye mnada.

Wanaoumia zaidi ni nyie mlioko Nairobi, Dar, Kampala, Muscat. Mimi niliye huku naweza kwenda kwenye mnada wa klabu, nikashika kijisanamu, nikakigeuza. Nyie mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Mzigo unakufikia umeshalipa nauli ya posta na ushuru wa forodha, ukigundua umepigwa, gharama ya kuurudisha inazidi bei ya vijisanamu vyenyewe. Matapeli wanalijua hilo vizuri mno. Tangu ile dunia ya kale ya Warhammer, ya kubuni ambamo mchezo unachezwa, ilipovunjwa mwaka 2015, na hasa tangu iliporudishwa Januari 2024, watu wengi wamerudi kuvitafuta vijisanamu vya utotoni mwao, na penye wengi wenye hamu hapakosi wa kuwachuna.

Sasa kuna wale ambao najua watakuja kusema kwamba napinga ubunifu, kwamba kijisanamu ni chako ukishanunua, ukikate, ukichome, upendavyo. Msinichanganyie mambo. Mimi nakata na kuunganisha vijisanamu na nitaendelea. Kubadilisha ni damu ya mchezo huu tangu mwanzo. Rogue Trader, kitabu cha kwanza cha kanuni za Warhammer 40,000, ilipotoka mwaka 1987, vijisanamu vilikuwa vichache kuliko vitu vilivyoelezwa kwenye kitabu, na watu walifundishwa kuunda kifaru cha vita kinachoelea kwa kopo la deodoranti. Lile boksi la askari 30 wa plastiki wenye kofia za mdomo wa ndege lilitengenezwa vipande vipande makusudi, mikono na vichwa uvipange utakavyo. John Blanche, mchoraji wa Warhammer, aliwaonyesha watu miaka mingi kwamba kichwa cha huyu, joho la yule na gurudumu la saa mbovu vinaweza kuzaa kiumbe ambacho hakuna kiwanda kingekiwaza.

Mtu anayebadilisha kwa heshima utamjua kwa kazi yake. Anatoboa kwa drili ya mkono, anaweka kipini cha waya wa shaba ndani ya kiungo ili kisivunjike, anajaza ufa kwa puti ya epoksi, ile ya buluu na njano ambayo ukiikanda inakuwa kijani, analoweka ncha ya kisu maji isigandane, anachonga mkunjo wa nguo ukafuatana na ule wa mchongaji wa kwanza. Akiuza, anasema: mkono huu si wa asili, kichwa hiki ni cha plastiki cha juzi. Tena kazi kama hiyo mimi nailipia zaidi kuliko kijisanamu kisichoguswa. Klipu na donge la gundi ya moto, ukanyamaza, ni wizi. Na wapo waliovuka hapo, wanabandika kichwa kipya juu ya mwili wa zamani kisha wanatangaza ni toleo adimu. Huo nao ni wizi.

Na mwingine atasema, "mkuu, hivyo ni vidoli tu." Vidoli hivi ni kazi za mikono za wachongaji waliokaa na puti na sindano wakichonga kitu cha urefu wa kidole gumba, ndugu wawili kina Perry, Jes Goodwin, Tom Meier wa Ral Partha na wengine. Moldi nyingi za wakati ule zimechakaa au hazitumiki tena. Ukikipiga kimoja tupa, hakuna dukani pa kwenda kuchukua kingine. Na kukinakili si dawa: ukitengeneza moldi kutoka kwenye kijisanamu ukamimina chuma, nakala inasinyaa kidogo inapopoa na ukali wa mistari unapungua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuvisafisha vizuri si kazi ngumu wala ya gharama. Dettol ipo kila duka la dawa kuanzia hapa hadi Kigoma. Unaweka kijisanamu kwenye mtungi wenye mfuniko, unamimina Dettol isiyochanganywa mpaka kizame, unaacha usiku kucha. Kesho yake unavaa glavu, unakisugua kwa mswaki wa zamani ndani ya Dettol hiyo hiyo. USIKIPELEKE KWENYE MAJI KABLA RANGI HAIJATOKA YOTE. Maji yakikutana na ule uji wa rangi na Dettol unageuka ulimbo, unanata kwenye kila tundu na utalia. Sugua, suuza kwa Dettol nyingine safi, sugua tena, ndipo maji na sabuni vifuate. Asetoni nayo inafanya kazi haraka kwenye chuma, ila usiisogeze karibu na plastiki, inaiyeyusha.

Ukikuta unga mweupe, usiukwangue mkavu. Rangi ikishatoka yote, fanya kila kitu ndani ya maji, na glavu mkononi, na meza isiwe ile mnayolia chakula. Toa unga wote mpaka chuma kionekane, hata kama kitabaki na mashimo. Mashimo yanazibwa kwa puti, unga hauzibwi. Kausha kabisa, kabisa, kisha piga praima nyembamba, mara mbili ikibidi, kila mara ukisubiri ikauke. Baada ya hapo kihifadhi kwenye kasha la plastiki au kabati la kioo na chuma. Usikirudishe kwenye droo ya mbao. Muuzaji angetumia jioni mbili kufanya hivyo, nami ningemlipa bei ile ile bila kunung'unika. Amechagua kopo la rangi.

Kuanzia leo, mtu akiniomba nimnunulie mzigo, masharti yangu ni haya, na nawaomba nanyi muwafanyie wauzaji hivyo hivyo. Picha ya kibamba au chini ya kitako, iwe wazi, maandishi yasomeke. Picha ya mgongo na makwapa. Swali la moja kwa moja kwa maandishi: kuna dalili ya risasi kuoza, ndiyo au hapana? Akikwepa, ondoka, hata kama umekitafuta kijisanamu hicho tangu shule ya msingi. Akijibu hapana, hifadhi jibu lake, ndilo utakalolipeleka kwenye malalamiko. Na kijisanamu kichafu chenye rangi ya mtoto wa mwaka 1989, iliyopakwa kwa mapenzi na ikachubuka, kina thamani kuliko hiki cha vanishi, maana hakuna kilichofichwa.

Jamaa wa Nairobi nimeshampigia, mzigo sitautuma. Kati ya magoblini hayo kuna machache ambayo chuma chake bado ni kizima, nitayasafisha na kuyapeleka kwake bila malipo ya kazi. Yaliyoliwa mpaka usoni nimeyafungia kwenye mtungi, hayatauzwa kwa mtu yeyote.

Jina la muuzaji siliweki humu kwa sasa kwa sababu malalamiko yako kwa wenye mnada, sitaki wapate kisingizio cha kuyafuta. Ila kama umenunua magoblini yenye praima nyeusi nene, vanishi ya kung'aa na kadibodi chini badala ya kibamba, pindua moja sasa hivi, lipige picha, weka hapa chini. Tukiwa wengi hawataweza kusema ni bahati mbaya ya mtu mmoja.