Mvinyo mwekundu mzito wa kupeleka mwaliko wa jioni, Kigoma

Mwanga_Kgm: Wakuu, habari zenu. Jumamosi nimealikwa kwa shemeji hapa Kigoma mjini, tutakuwa sita. Kuna mbuzi choma, ndizi na migebuka. Wenyeji wanakunywa, na wameomba mvinyo mwekundu mzito. Dukani chupa ni nyingi, nashindwa kuzitofautisha. Niangalie nini, na nibebe ngapi?

Zabibu_Kavu: Mkuu, uzito na utamu ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi hukosea. Chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa "Natural Sweet" ina sukari zaidi ya gramu 20 kwa lita. Hiyo na mbuzi choma haviendani kabisa. Tafuta "Dry", yaani kavu, isiyo na utamu. Kisha geuza chupa usome kilevi: asilimia 13.5 hadi 14.5 ndiyo mizito, chini ya 12 ni mwepesi.

Baada ya hapo angalia zabibu. Cabernet Sauvignon ina tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaobana ufizi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Ukiwa na nyama mdomoni, tanini inashikana na protini, ukakasi unapungua. Pinotage, zabibu iliyopatikana Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut, mara nyingi ina harufu ya moshi na inapatana na nyama ya mkaa. Merlot ni laini zaidi. Kwa mbuzi mimi ningechukua Shiraz, maana ina harufu ya pilipili manga na ukakasi wake haukabi sana.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za mililita 150. Kama bia zitakuwepo, mbili zinatosha. Kama hazipo, beba tatu.

Ujiji_Pwani: Nyongeza kuhusu joto letu. Usichukue chupa iliyokaa dirishani au rafu ya juu karibu na bati. Pitisha kidole mdomoni mwa chupa: kizibo kikiwa kimeinuka, au kuna michirizi iliyokauka shingoni, mvinyo ulipata joto ukavimba. Ndani utakuta ladha ya matunda yaliyopikwa. Yenye kifuniko cha kusokota ni salama zaidi, na hutahangaika kutafuta kizibuo ugenini.

Migebuka ale mwenye bia au mvinyo mweupe. Mwekundu una madini ya chuma kidogo, yakikutana na mafuta ya samaki mdomo mzima unanuka shombo. Pilipili nayo iwekwe pembeni, kwa sababu kilevi cha 14 kinaiongezea ukali.

Mwanga_Kgm: Asanteni sana. Za Dodoma je? Na niweke kwenye friji?

Zabibu_Kavu: Za Dodoma zipo kavu na zipo tamu, kwa hiyo soma lebo vilevile. Ukipata nyekundu kavu, ichukue bila wasiwasi.

Friji ndiyo, ila usilaze usiku kucha. Unatakiwa uwe nyuzi 16 hadi 18. Ukiwa na joto la chumba chetu, kilevi kinapanda puani na matunda huyasikii. Chupa yenye nyuzi 28 inahitaji saa moja na zaidi kwenye friji, au kama dakika 10 kwenye ndoo ya maji na barafu. Barafu tupu bila maji inachelewa, kwa sababu haigusi chupa pande zote. Ukizidisha baridi, ukakasi unakuwa mkali. Acha glasi mezani kidogo itarudi sawa.

Ujiji_Pwani: Cabernet changa imimine kwenye jagi nusu saa kabla ya kula. Kufungua kizibo tu hakusaidii, hewa inayoingia shingoni ni ndogo mno.