Nembo ya Paralimpiki: tulikatazwa kufanana na Olimpiki, leo tunavishwa rangi zao

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha. Tangu michezo ya Seoul 1988, nembo na bendera ya Paralimpiki, michezo ya kimataifa ya wenye ulemavu, imebadilishwa mara tatu, ilhali pete tano za Olimpiki, zilizobuniwa mwaka 1913, hakuna anayethubutu kuzigusa.

Bendera ya Seoul ilikuwa nyeupe yenye maumbo matano mfano wa matone, yaliyotokana na taegeuk, alama ya Wakorea iliyo katikati ya bendera ya Korea Kusini, nayo yalikuwa ya buluu, nyeusi, nyekundu, manjano na kijani. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalalamika kwamba yanafanana mno na pete zake, na mwaka 1994 matone mawili yakaondolewa. Ndipo tukaelezwa kwamba matatu yaliyosalia ni akili, mwili na roho. Maana hiyo nzito ilikuwa wapi kabla ya wakubwa kununa?

Mwaka 2003 ikatangazwa nembo nyingine, ya mikunjo mitatu iitwayo agito, neno la Kilatini lenye maana ya "ninasogeza". Nakiri kwamba mchoro ni mzuri (sina ugomvi na wachoraji). Hata hivyo, Henry Wanyoike wa Kenya, mwanariadha asiyeona, alitwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000 kule Athens mwaka 2004 chini ya bendera ya matone, na katika sherehe ya kufunga michezo hiyohiyo bendera mpya ikachukua nafasi yake.

Kilichonitoa uvumilivu ni badiliko la mwaka 2019. Mikunjo ililinganishwa ukubwa, kisha nyekundu, buluu na kijani yake vikafanywa vilevile vya pete za Olimpiki. Yaani kufanana kulekule kulikotupokonya matone mawili, leo tunaletewa, tena kama zawadi! Wakati huohuo vikundi vidogo vya michezo ya wenye ulemavu, ambavyo hata nauli ya wachezaji huchangishana, vinabaki na mabango na fulana zilizopitwa na wakati.

Anayeweza kunieleza kwa nini kufanana kulikuwa kosa mwaka 1994 na kukawa sifa mwaka 2019, naomba aeleze hapa. Nitasoma kila jibu, ila tafadhali asiniletee habari za "mwonekano wa kisasa".